Kufufua Boti Kuukuu ya Faiba katika Nchi ya Unyanyembe

Mtu akiwaambia jirani zake wa Tabora kwamba ameazimia kununua boti kuukuu ya faiba, kuileta uani kwake na kuishughulikia mpaka iweze kuelea tena, suala la kwanza atakaloulizwa ni itaelea wapi, kwa kuwa mji huu umekaa katika nyanda za takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kigoma, bandari ya Ziwa Tanganyika, iko kiasi cha kilomita 400 kwa njia ya reli. Suala hilo ni la haki, na jawabu lake nitalitoa mahali pake. Lakini isidhaniwe kwamba nchi ya Unyanyembe, ambamo Tabora imo, ni ngeni kwa vyombo vya majini, kwa sababu misafara iliyokuwa ikipanda kutoka pwani ya Mrima kwenda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ikibeba nguo na shanga na kurudi na pembe za ndovu, ilipata pia kubeba vyombo: boti ya chuma iliyoitwa Morning Star, iliyogawanywa vipande na kusafirishwa nchi kavu kutoka pwani chini ya uangalizi wa baharia Edward Hore wa London Missionary Society, ilifika Ziwa Tanganyika mwaka 1883, wakati ambapo hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo kuvusha chombo katika nchi hii kumekuwa suala la nauli na kamba madhubuti.

Nami nasema zaidi ya hayo, ya kuwa katika kazi hii Tabora ina fadhila ambayo miji ya pwani imenyimwa. Adui wa boti ya faiba ni maji yaliyopenya ndani ya mbao zake na matabaka yake yakakaa humo miaka, na dawa ya adui huyo ni ukavu wa muda mrefu. Tangu Mei mpaka Oktoba mvua ni nadra sana Tabora, na hewa ya kiangazi ni kavu kiasi cha kupasua mbao mbichi. Fundi wa pwani, ambaye hewa yake imejaa unyevu na chumvi mwaka mzima, angeinunua miezi hiyo kama angeweza. Kwa hiyo ushauri wangu wote katika mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja, nalo ni kwamba kwanza ufungue, kisha ukaushe, na mwisho ndipo uzibe, wala usikubali hata siku moja kuugeuza utaratibu huo kwa ajili ya haraka.

Yafaa kwanza kuielewa faiba yenyewe. Ni nyuzi za kioo, ama zilizofumwa kama nguo au zilizotawanywa zikashikamana kama mkeka, ambazo huloweshwa kwa rezini, maji mazito yanayoganda yakawa magumu pindi yatiwapo dawa ya kugandisha, ambayo mafundi huiita hadina. Katika Marekani, Ray Greene wa jimbo la Ohio alijenga boti ya namna hii mwaka 1942, na baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kwisha sanaa hiyo ilienea ulimwenguni upesi, kwa sababu kalibu moja huweza kuzaa vyombo vingi vinavyofanana. Kioo hakiozi wala hakiliwi na mchwa, na ganda la boti lililotengenezwa kwa uaminifu huweza kumpita umri yule aliyelitengeneza. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake: ubao wa tezi unaobeba injini, mataruma yaliyo chini ya sakafu, na sakafu yenyewe. Kwa sababu hiyo, mwenye kufufua boti kuukuu atajikuta sehemu kubwa ya kazi yake ni useremala.

Boti za thamani ndogo hupatikana Kigoma, Mwanza na Dar es Salaam, zimelala kifudifudi kando ya fukwe au nyuma ya maghala, na mwenyewe aghalabu hufurahi kuondolewa mzigo. Chagua ya futi 12 hadi 16, ambayo lori la kawaida huweza kuibeba na watu wachache huweza kuipindua. Nenda kuitazama mchana kweupe, ukiwa na nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki au cha mti, na bisibisi moja nyembamba. Gonga polepole kila shubiri ya tezi, ya sakafu na ya ubavu, ukisikiliza: mahali pazima hutoa mlio mkavu na wa wazi, na mahali palipooza au matabaka yalipoachana hutoa mlio mzito uliozibika. Ikiwa injini ingali imefungwa, ishike kichwani uisukume mbele na nyuma huku mwenzako akitazama ubao wa tezi; ukicheza, umeoza. Ikiwa injini haipo, ingiza bisibisi katika matundu ya bolti uone kama itatoka na unga wa mti mweusi wenye unyevu. Jaribu pia kuinyanyua pembe moja, kwa maana boti ndogo iliyo nzito kupita kiasi imekunywa maji, ama katika mbao, ama katika povu la kuelea lililojazwa chini ya sakafu.

Tezi iliyooza na sakafu iliyooza zisikutishe, kwa kuwa hizo ndizo kazi tunazozikusudia. Jikinge na mambo mawili tu. La kwanza ni ganda lililopinda, ambalo utaliona ukisimama mbele ya omo ukalinganisha ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa sababu umbo lililopotoka katika kalibu au kwa kulazwa vibaya miaka mingi halirudi. La pili ni chombo kisicho na mwenyewe anayejulikana. Dai hati ya mauziano iliyoshuhudiwa, hata kama bei ni ndogo mno kiasi cha kuona haya kuidai, maana siku utakapotaka kukisajili chombo hicho hapana atakayekubali simulizi badala ya karatasi.

Boti ikishafika uani, iweke juu ya magogo au vihimili vilivyochongwa kufuata umbo lake, mkuku ukibeba uzito na mbavu zikishikwa tu zisiyumbe. Toa kizibo cha ngama, inua omo kidogo ili maji yashuke nyuma, na usimamishe juu yake paa la makuti, nyasi au turubai lililo wazi pande zote, ili upepo upite na jua kali lisiipige. Hapo ndipo uikate sakafu iliyooza, nawe kabla ya kukata ufunge mbao za kukingama kutoka ubavu hadi ubavu, zishike upana wa chombo kama ulivyokuwa. Wala usiondoe tezi na sakafu kwa wakati mmoja, kwani ganda lisilo na kitu cha kulishikilia hutanuka na kulegea, na sakafu mpya italifunga katika hali hiyo ya kupotoka. Povu kuukuu lililojaa maji litoe lote, maana hata kiangazi cha Tabora hakiwezi kulikausha.

Tazama pia upande wa nje, chini ya mstari wa maji, kama kuna malengelenge. Maji baridi ya maziwa hupenya katika rangi ya nje ya rezini, ile iitwayo jelikoti, kwa nguvu kuliko maji ya bahari, yakakutana na mabaki ya dawa ndani ya matabaka na kuvuta maji mengine zaidi, mpaka uso wa boti ukavimba vipele. Lengelenge likitobolewa hutoa majimaji yenye harufu kama ya siki. Vaa miwani unapotoboa, kwa sababu majimaji hayo hutoka kwa mruko. Yafungue yote, yasafishe kwa maji safi mara nyingi kwa siku kadhaa, kisha yaache wazi muda wote wa kiangazi. Mwenye kuyaziba mapema kwa puti amefunga kidonda chenye usaha, na mwaka wa pili yatarudi palepale.

Utajuaje kwamba chombo kimekauka? Kata kipande cha karatasi ya plastiki angavu, kibandike kwa utepe pande zote nne juu ya mahali unapopashuku, na ukiache tangu asubuhi mpaka jua lizidi. Ukiona ukungu wa maji chini yake, subiri. Kadhalika chukua kipande kimoja cha mbao ulichokitoa humo, kipime kwa mizani ndogo kila juma, na uzito utakapokoma kupungua utakuwa na ithibati nzuri kuliko kukisia kwa mkono.

Sasa ubao wa tezi. Acha ganda la nje kama lilivyo, ili liwe kalibu yako, na ufanye kazi kutoka ndani: likate ganda la ndani kwa mashine ya kukatia, ukibakisha ukingo wa vidole vitatu hivi pande zote wa kushikia matabaka mapya, kisha ichimbe mbao iliyooza kwa patasi mpaka ufikie nyuzi zilizo safi. Kabla ya hapo chukua kipimo cha mwinamo wa tezi na urefu wake toka ukingo wa juu mpaka chini, kwa kuwa injini za nje hutengenezwa kwa tezi za takriban sentimita 38 au sentimita 51, na aliyekosea hapo atakuwa na injini inayovuta hewa au inayoburura majini. Badala ya ubao mmoja mzito, tumia plaiwudi iliyogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, karatasi mbili zilizounganishwa mpaka zifikie unene wa milimita 38 hivi. Najua mwenyeji wa Tabora atauliza kwa nini tusitumie mninga, nao huota katika miombo yetu na hapana mti mzuri kuliko huo. Nami nauheshimu mninga, lakini plaiwudi, ambayo matabaka yake hukingamana, haitanuki na kunywea, na mahali palipofungiwa ndani ya faiba hapataki mti unaojongea. Uweke mninga katika viti, vishikio na utepe wa ukingo wa juu, mahali ambapo macho yatauona na mkono utaugusa, na ununue kwa mfanyabiashara mwenye kibali cha misitu.

Lowesha kwanza plaiwudi yote kwa rezini nyepesi, hasa katika kingo ambazo ndizo mdomo wake wa kunywea maji, kisha ipakaze rezini iliyokolezwa kwa unga maalumu wa kuifanya nzito, ikaze dhidi ya ganda la nje kwa bolti za muda zilizopakwa nta, na uione rezini ikitoka kando zote. Panapobaki uwazi ndipo maji yatakapokaa tena. Hapa nitaje kwamba nta ya nyuki, ambayo warina wa Tabora huitoa kwa wingi, ni rafiki na hasimu kwa pamoja: bolti au ubao uliopakwa nta hautashikwa na rezini, na kwa kusudi hilo hufaa sana, lakini chembe yake ikibaki mahali unapotaka pashikane, matabaka yatabanduka. Kwa sababu iyo hiyo osha uso wa boti kuukuu kwa asetoni kabla ya kuupiga msasa, kwani mwenye kuanza na msasa huisugua nta na mafuta ya zamani yakaingia ndani ya mikwaruzo. Pembe ya tezi na mbavu ijaze kwa rezini nzito, uifanye mviringo kwa mgongo wa kijiko, kwa kuwa nyuzi za kioo hazikubali kukunjwa katika pembe kali. Halafu pandisha juu yake matabaka matatu au manne ya mkeka, kila moja likilipita lililotangulia, na la mwisho likitambaa katika mbavu kiasi cha sentimita 15.

Tundu lililopasuka katika ganda lina kanuni yake. Lisage kando zake ziwe mteremko mrefu, upana wa mteremko ukiwa mara 12 ya unene wa ganda, ili ganda la milimita 5 lipate mteremko wa sentimita 6 pande zote. Kiraka kilichobandikwa katika tundu lenye kingo wima hushikwa na uzi mwembamba tu wa rezini, nacho kitang'oka siku boti itakapopigwa na wimbi.

Rezini ziko za namna mbili utakazokutana nazo. Poliesta ni rahisi na hutosha kwa kazi nyingi. Epoksi ni ghali, hushika mbao na faiba kuukuu kwa nguvu zaidi, nami ningeitumia katika tezi iwapo mfuko unaruhusu. Ukichagua epoksi, tumia nguo iliyofumwa, kwa maana mikeka mingi ya kawaida imegundishwa kwa gundi inayoyeyuka katika poliesta pekee. Na ukishapaka epoksi mahali, usirudi juu yake na poliesta, haitashika vyema. Katika poliesta hadina hupimwa kwa mizani, gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya rezini. Chini ya hapo haitaganda sawasawa kamwe, na juu ya hapo itapata moto ikapasuka. Septemba na Oktoba, joto la Tabora linapopanda, rezini iliyotiwa hadina nyingi huweza kuganda ndani ya robo saa au chini yake. Basi fanya kazi alfajiri, changanya kidogo kidogo, na uimimine katika sahani pana badala ya kikombe kirefu, maana ikiwa imerundikana joto lake hujilimbikiza lenyewe. Mkeka wa kilo moja hutaka rezini kilo mbili hadi mbili na nusu. Uchapie kwa brashi na kuubana kwa rola ya chuma mpaka weupe wote utoweke, kwa kuwa weupe ni hewa, na hewa ni mlango wa maji.

Naomba hapa msomaji asisome kwa haraka. Hadina ya poliesta ikiingia jichoni huweza kulipofua, na maji safi lazima yawe karibu kabla kopo halijafunguliwa. Ikiwa umenunua kichapuzi cha kobalti mbali na rezini, usikikutanishe kamwe na hadina moja kwa moja, kwa sababu viwili hivyo vikikutana vitupu hulipuka. Kichapuzi hukorogwa katika rezini kwanza, na hadina huja mwisho. Vumbi la nyuzi za kioo huingia katika ngozi na mapafu, na mvuke wa rezini huumiza kichwa na ini, hivyo vaa barakoa yenye vichujio, miwani, glavu na nguo za mikono mirefu, fanya kazi palipo wazi, na watoto wakae mbali. Matambara yaliyolowa yatie katika ndoo ya maji usiku huo huo, yasije yakashika moto yenyewe.

Kuhusu rangi sitasema mengi, kwani uzuri wake wote hutokana na msasa uliotangulia. Tabaka la mwisho la rezini ndani ya boti litiwe nta yake maalumu inayouzwa kwa ajili hiyo, vinginevyo uso utabaki ukinata. Kisha usugue na kupaka rangi nyeupe au ya kijivu hafifu, maana rangi iliyoiva huvuta joto na sakafu itakuwa haikanyagiki.

Katika fedha, tegemea kwamba rezini, nguo ya kioo, plaiwudi na bolti zisizoshika kutu zitagharimu zaidi ya bei ya boti yenyewe, na kwamba mnunuzi hatakurudishia. Anayeingia kwa tamaa ya faida afadhali anunue ng'ombe. Anayeingia kwa raghba ya kuona kitu kilichotupwa kikirudi kazini, na ya kujifunza ufundi kwa mikono yake, atapata thamani kamili ya kila shilingi. Hata hivyo usinunue rezini yote kwa safari moja ya Dar es Salaam au Mwanza: poliesta huishi miezi michache tu, na katika joto la chumba chenye paa la bati huharibika upesi zaidi. Nunua baada ya chombo kukauka, weka makopo chini sakafuni penye kivuli, na uandike juu yake tarehe uliyoyapokea.

Itaelea wapi, basi? Bwawa la Igombe liko karibu na mji, nalo kwa kuwa ni la maji ya kunywa lataka idhini ya mamlaka ya maji, na ustaarabu wa kutotia injini ya petroli humo. Kwa jaribio la makasia latosha sana likiruhusiwa. Safari ya kweli ni Kigoma. Kabla ya hapo mimina ndoo chache za maji ndani ya boti ingali juu ya vihimili, utazame kama pana tone linalotoka nje, kwani uvujaji ulio rahisi kuuziba ni ule uliogunduliwa nchi kavu. Jaza povu jipya lisilonywa maji chini ya sakafu na viti, ili chombo kikijaa kisizame. Fuata taratibu za usajili na ukaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ambalo ndilo lenye dhamana ya usalama wa vyombo vidogo, na kila abiria awe na jaketi lake la kujiokolea. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na katika kiangazi upepo wa kusini huliamsha ghafla. Boti ya futi 14 yafaa ibaki karibu na ufuo, na anayeiendesha awasikilize wavuvi wa pale kuliko anavyoisikiliza injini yake.

Msimu ukiisha, jinsi utakavyoilaza boti ndiyo itakayoamua kama kazi hii itarudiwa, na hapana mfano mkubwa wa jambo hilo kuliko ule ulio Kigoma kwenyewe. Meli ya Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikaletwa kwa bahari na reli, ikaundwa upya Kigoma na kutiwa majini mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili isitekwe. Lakini mafundi waliopewa amri hiyo walizipaka injini zake grisi nzito kabla ya kuiachia ishuke. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zile zilikuwa bado zafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikahudumu ziwani miongo mingi. Basi suuza injini yako kwa maji safi, maliza petroli iliyo katika kabureta, ipake grisi kila panapozunguka, nyunyiza mafuta kupitia matundu ya plagi na uizungushe kwa mkono mara kadhaa. Toa kizibo cha ngama, inua omo, funika kwa turubai lililoachwa wazi kando ili hewa ipite, na kabla ya mvua za Novemba ugonge tena tezi kwa nyundo ile ile ndogo, ukisikiliza.